Mmweko wa Siku ya Maji

Nimefanya kazi nyingi za kijinga maishani, lakini ni moja tu iliyonipa fulana. Ninayo hadi leo, ya kijani, imeandikwa kifuani kwa herufi kubwa: ANGA LA KASKAZINI LIMESEMA. Huivaa ninapofagia uani, na mama akiniona nayo hugeuza uso pembeni ili asinichekee machoni.

Anga halikuwa limesema kitu. Aliyesema ni ngamia. Lakini nikianzia hapo nitakuwa narudia kosa lilelile lililoniponza, la kurukia mwisho wa habari kabla mwanzo wake haujakaa vizuri, kwa hiyo naanza nilikopaswa kuanza.

Nilizaliwa Garissa. Baba alikuja kutoka pwani akiwa karani, akapewa nyumba ya serikali karibu na mto, akasema atakaa miaka miwili tu. Hakuondoka. Nyumbani tulisema Kiswahili chetu, mtaani nikaokota Kisomali cha kununulia maziwa na kugombania foleni, na shuleni nikapenda fizikia. Majirani walilichukulia jambo hilo kama kilema kidogo ambacho ndoa ingekiponya. Ndoa haikuja. Iliyokuja ni barua ya kazi: msimamizi wa kituo, darubini ya redio, nje kidogo ya Buna.

Watu wakisikia darubini hutazamia bomba refu lenye kioo. Yetu ilikuwa vyuma. Safu kwa safu za antena zilizonifika kifuani, zimesimikwa juu ya waya ule wa kufugia kuku, uliotandazwa chini mahali pa ukubwa wa kiwanja cha mpira. Darubini ya namna hiyo haigeuzwi wala haielekezwi popote. Hutazama anga lote kwa pamoja, upande mmoja hadi mwingine, kutwa kucha, kwa sababu kitu inachokitafuta hakitoi miadi. Ni mmweko wa redio: mawimbi yanayotoka galaksi ya mbali mno, yenye nguvu ya kutisha, ambayo hudumu kipande kidogo cha sekunde kisha basi. Mingi huja mara moja isionekane tena. Michache hujirudia, na huo unaojirudia ndio kila mtu anauota, maana unaweza kukaa ukaungojea. Alama yake ni kwamba mawimbi ya juu hufika kwanza na ya chini hufuata yakichelewa, kwa hiyo kwenye kompyuta huonekana kama mstari unaoteremka huku ukijipinda. Ukiona ule mpindo, umeona kitu kilichosafiri mbali.

Walichagua Buna kwa ajili ya ukimya. Wataalamu walikuja na vipimo vyao, wakapima siku tatu, wakaandika kwamba eneo halina shughuli yoyote ya binadamu. Waliyaandika hayo wakiwa wamekaa kwenye kivuli cha tangi la kisima ambacho mifugo ya nusu ya upande ule hunywa hapo.

Sharti la kituo lilikuwa moja, limeandikwa kwa lugha tamu: tupate walau mmweko mmoja wa kweli kabla ya mvua za vuli, la sivyo kompyuta ing'olewe ipelekwe mahali penye tija zaidi. Bila kompyuta, darubini yetu ilikuwa banda la kuku lisilo na kuku. Mmweko mmoja tu. Niseme wazi kwamba niliutaka mmweko huo si kwa ajili ya kazi peke yake. Nilitaka, mara moja maishani, kitu kitoke huko kisikojulikana kije kianguke mikononi mwangu, mimi binti wa karani wa Garissa, na nisikipoteze.

Kwa hiyo niliutunza ukimya kwa ukali. Simu zilifungiwa kwenye sanduku la chuma. Pikipiki ziliachwa mbali. Fundi wa kuchomelea aliyekuja kukarabati birika la mbuzi nilimfukuza kama mwizi. Mimi mwenyewe nilikaa ndani ya kontena na ile kompyuta, ambayo ilikuwa imetengenezwa ilie ting kila inapokamata kitu kinachofanana na mmweko.

Jirani yangu alikuwa mzee mmoja wa ngamia. Nilimwita adeer, yaani baba mdogo, naye akaniita adeer vilevile, maana huko mkubwa humrudishia mdogo jina lilelile analoitwa. Kiswahili alikipata ujanani akiswaga ng'ombe kwenda mnada wa Garissa. Kisima kilikuwa na zamu, na zamu ya kundi lake ilifika kila siku ya nane. Siku hiyo ya maji, ngamia wakinywa, adeer alikuja hadi mlangoni kwangu na kibuyu cha maziwa, kunipa habari.

Habari kaskazini si salamu. Ni kazi, na ina utaratibu. Wawili wakikutana hukaa chini, mmoja akatoa yote aliyoyaona na kuyasikia tangu walipoachana: mvua ilinyesha wapi, malisho yakoje, kisima gani kimekauka, nani mgonjwa, nani kaoa, nani kagombana na nani, hadi vitu vidogovidogo vya mwisho. Msikilizaji hakatizi. Husema tu haa, haa, ili ijulikane hajalala. Akimaliza huyu, yule naye hutoa zake, na kuficha ni aibu kubwa, kwa sababu mtu anaweza kuhamisha mifugo yake siku tano kwa kutegemea neno lako. Nilikua nikiyaona hayo kila siku. Wanawake wa maziwa sokoni Garissa walifanya hivyohivyo, na mama alinifundisha kungoja mpaka wamalize ndipo niulize bei.

Lakini sasa nilikuwa mtaalamu. Adeer akifika kwenye habari za malisho, mimi tayari nimesimama, natazama mlango wa kontena. Nilimwambia sawa adeer, nina kazi. Naye alizikunja zilizobaki, akachukua kibuyu chake kitupu, akaenda zake bila kunung'unika. Alifanya hivyo mara tatu.

Na mara zote tatu, siku hiyohiyo, kompyuta ililia.

Ting ya kwanza nilidhani ni bahati. Ya pili ilikuja siku nane baadaye. Ya tatu, siku nane tena. Mmweko unaojirudia, wenye mwendo wa siku nane kamili. Mstari uliteremka kutoka juu kwenda chini kama unavyotakiwa. Ulikuwa umenyooka kidogo kuliko inavyopasa, sikatai, lakini nilipoutazama kwa muda mrefu na kwa mapenzi ulianza kupinda. Nililia, nikasali rakaa mbili, nikawaandikia wakubwa Nairobi.

Wakubwa hawakuuliza maswali mengi. Waliuliza saizi za fulana.

Siku ya nne ya maji walikuja wote. Magari yalitimua vumbi kutoka Wajir yakiwa na askari wa kusindikiza, kila askari na redio yake ya mkononi ikikoroma, na simu za wageni zikilia ndani ya mikoba, kwenye eneo ambalo mimi nilimnyima mtu kuchomelea birika. Hema lilisimamishwa juu ya waya wa kuku. Viti vya plastiki vikapangwa katikati ya antena, na mtu mmoja akatundika koti lake juu ya mojawapo. Mkubwa wetu alihutubia kwamba macho ya dunia sasa yako Buna. Afisa mmoja akataka kujua kama mimweko hii inaweza kutabiri mvua, akaambiwa hilo litazingatiwa katika awamu ya pili. Mheshimiwa mmoja aliyetoka upande wa Mandera alisimama akiwa amekasirika kweli. Alitaka aelezwe kwa nini mimweko yote inaanguka Buna wakati Lafey nako kuna wapiga kura. Mkubwa wetu, badala ya kumweleza, alimwahidi kwamba ugawaji utaangaliwa upya.

Kisha kompyuta ikalia ting, kwenye spika tuliyokuwa tumeiunganisha kwa ajili ya wageni.

Makofi yalipigwa. Wengine walisimama wakitazama juu, mikono juu ya paji la uso. Ting ya pili, makofi tena. Ya tatu. Ya nne. Zikaanza kufuatana, ting, ting, ting, na makofi yakapungua kwa sababu watu walichoka mikono. Kila mtu alitazama anga. Mimi peke yangu nilitazama chini, kwa vile nilijua galaksi haina haraka namna hiyo, na ndipo nikamwona. Ngamia jike, mkubwa, yule anayeongoza kundi, amesimama kwenye safu ya mwisho akijikuna shingo kwenye antena, macho kayafumba kwa raha. Shingoni alikuwa na kola nene ya manjano yenye kisanduku.

Adeer alikuja taratibu kumtoa. Alipopita kando yangu hakuwa na kejeli usoni, ingawa angekuwa na haki.

"Hiyo habari nilikuwa nayo, adeer," aliniambia. "Mara tatu nilikuja nayo. Lakini wewe hukai."

Siku hiyo nilikaa. Nikaambiwa kwamba kuna mradi mwingine, wa mifugo, uliowafunga ngamia viongozi kola ili wajue wanakwenda wapi wakati wa ukame. Kola hukusanya njia zote alizopita ngamia, na akikaribia tangi la kisima huzitapika zote kwa mawimbi ya redio yanayoteremka kutoka juu kwenda chini, hata jamaa aliyezileta alimwonyesha adeer jambo hilo kwenye simu yake, akijivunia. Wao hawakutuambia sisi, na sisi hatukuwaambia wao. Miradi yote miwili ilikuwa na ripoti nene kuhusu kushirikisha wenyeji, na katika ripoti zote mbili mwenyeji aliyeshirikishwa, akapigwa picha, alikuwa mzee huyuhuyu.

Wageni walikula mbuzi, wakagawana fulana, wakaondoka. Nairobi waliandika kwa ufupi kwamba sharti liko palepale, mvua za vuli haziko mbali, na neno ngamia lisitokee katika barua yoyote.

Nilijaribu kuwaomba wenzetu wa mifugo wamvue yule ngamia kola. Walijibu kwa upole kwamba akivuliwa, ramani yao itaonyesha amekufa, na mfadhili hapendi kuona vifo. Basi nikajiwekea utaratibu wangu. Kompyuta yetu haikuwa na nafasi ya kuweka anga lote. Kila ilichokamata ilikishika mpaka mimi nibonyeze moja kati ya mbili, hifadhi au futa, na kilichofutwa hakirudi. Siku za kawaida nilikichunguza kila kitu. Siku ya maji, asubuhi hadi adhuhuri, chochote kinacholia ni kola. Futa.

Na habari nilianza kuzisikiliza. Nilitandika mkeka kwenye kivuli cha kontena, nikapika chai ya maziwa yake na iliki, nikakaa. Adeer mwanzoni hakuniamini. Nadhani alinipima, kwa sababu mara ya kwanza aliongea tangu saa nne mpaka adhana ya adhuhuri, akanieleza ugomvi wa ndoa wa watu nisiowajua ambao ulianzia Mandera. Nilisema haa, haa. Baadaye nikagundua nazingojea. Nilijua bonde gani limepata manyunyu, na nani kavuka kwenda ng'ambo ya mpaka kutafuta malisho, na yule jike wa kola kwamba ndiye aliyebaki wa ukoo wa ngamia wa mama mzazi wa adeer, na kwamba akiitwa jina lake huitika.

Ukame ulizidi. Zamu moja kundi lilifika likiwa limekonda, nikaliona kupitia dirisha la kontena kama vumbi jekundu karibu na tangi. Adeer hakuja mlangoni. Nilidhani anahangaika na maji. Ilikuwa yapata saa tatu asubuhi. Kompyuta ikalia ting.

Mara moja tu. Nilitazama. Mstari uliteremka ukiwa mwembamba, safi, na ulipinda. Haukuhitaji mapenzi yangu. Ulipinda wenyewe, kwanza kwa kasi kisha polepole, kama ulivyochorwa vitabuni. Nakumbuka nilisema kwa sauti, peke yangu, kwamba huyu ngamia sasa amekuwa hodari. Nilitazama dirishani, nikaona kundi lipo. Nikabonyeza futa. Nilifurahi hata, kwa jinsi nilivyokuwa mwepesi na mwenye nidhamu, nikaenda kuosha vikombe.

Siku mbili baadaye adeer alikuja, kwa miguu, bila kibuyu. Nilitandika mkeka. Alianza na mvua, ambayo haikuwepo. Akaja malisho, akasema upande wa kaskazini umebaki mawe. Akawataja wagonjwa, akamtaja binamu yake aliyepata mtoto, akasema ameitwa nani. Nilisema haa. Habari nzito yeye huiweka mwisho, hilo nilikuwa nimejifunza, na nilimwona anaiendea polepole.

"Ngamia ile ya kola alikufa," akasema. "Alilala chini, akakataa kuamka. Nilimwita kwa jina, akaitika, lakini kuamka hakuamka."

Nilimuuliza siku gani. Akasema Jumatatu.

Siku ya maji ilikuwa Alhamisi.

Nilimuuliza kola iko wapi. Akasema aliipeleka Buna, ofisi ya mifugo, Jumanne, wakaifungia kabatini. Nilimuuliza kama hakuna ngamia mwingine wa kola kwenye kundi. Hakuna. Kama hakuna kundi jingine lililokunywa asubuhi ile. Hakuna, zamu ilikuwa yake. Nilikuwa nimeshainuka, nimesimama juu ya mkeka wangu mwenyewe, nikiuliza swali baada ya swali kama askari wa kizuizini, na yeye alinijibu yote akinitazama, mtu aliyefiwa na ngamia wa mama yake na hajaambiwa hata pole.

Nilikaa tena. Nikampa pole, nikamwombea, nikamwuliza alivyokuwa yule ngamia ujanani mwake, na akanieleza. Nilisikiliza mpaka mwisho. Sitajisifu kwa hilo, maana nusu ya moyo wangu ilikuwa kwenye kile kitufe.

Akamaliza. Kisha akasema, "Warran," yaani sasa zamu yako, toa habari.

Ningeweza kusema hakuna jipya. Nairobi niliwaambia hivyo, kwa barua nzuri yenye vichwa vya habari. Lakini huyu alikuwa amenitolea zake zote, na utaratibu ni utaratibu.

"Ilikuja, adeer," nikamwambia. "Ile niliyokuwa naingoja. Ilikuja Alhamisi asubuhi. Nikadhani ni ngamia wako, nikaifuta."

Akasema haa. Kwa hiyo nikaendelea. Nilimweleza ule mstari na mpindo wake, na jinsi nilivyotazama dirishani, na vikombe nilivyoviosha. Nilimweleza kwamba siwezi kuthibitisha kwa mtu yeyote, hakuna kilichobaki isipokuwa nilivyoona kwa macho yangu, na kwamba mingi ya namna hiyo huja mara moja tu. Sikuwa nimelia mbele ya mtu tangu niwe mtu mzima. Hakunikatiza. Katika kituo chote kile, pamoja na hema na spika na wakubwa, hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza mpaka nikamaliza.

"Bole, adeer," akasema mwishowe, pole ikimtoka kwa b kama watu wa huko wanavyoitamka. Kisha akaniomba nirudie tangu mwanzo, polepole: siku, saa, ilivyoshuka, ilivyopinda. Nilimuuliza ya nini. Akasema njiani ataulizwa habari, na habari ya kilio haipelekwi nusu.

Mvua za vuli zilikuja kwa wakati wake mwaka ule, jambo la kuudhi. Wakaja watu wa gari, wakang'oa kompyuta, wakaniachia risiti. Ripoti ya mwisho ilisema kituo kilifanikiwa kuijengea jamii uwezo, na ikaweka picha ya adeer. Antena walisema watazifuata. Nasikia waya wa kuku sasa ni zizi la wana-mbuzi, zizi zuri.

Nilirudi Garissa, nikapata vipindi vya fizikia shule ya wasichana. Wiki ya kwanza nilikwenda sokoni kununua maziwa. Mwanamke niliyenunua kwake simjui, wala sikumwambia natoka wapi. Labda aliwahi kuniona na mama. Alimaliza habari zake na mwenzake, nami nikangoja kama nilivyofundishwa. Kisha akanigeukia, akasema bole kwa kile kitu chako.

Nilimuuliza kitu gani. Akasema kile kilichokuja Alhamisi saa tatu, siku tatu baada ya ngamia kufa, kikashuka hivi, na akachora hewani kwa kidole chenye hina, kwanza kwa kasi kisha polepole, akakipinda mahali pale hasa kilipopinda. Nimewahi kuuchora mstari huo ubaoni mbele ya wanafunzi mara nyingi tangu hapo, na sijaupata kama alivyoupata yeye.

Akaniuliza kama kimerudi. Nikamwambia sijui, hakuna mtu anayeangalia tena.

"Basi kikirudi," akasema, akinijazia chupa, "kitakuta watu wamehama."